SOMO LA LEO: Jifunze kazi ya wingu kwa kutumia duka lako mwenyewe

Somo ni refu kidogo, kwa hiyo lihifadhi ulisome ukiwa umetulia.

Tuanze na swali, lijibu kimoyomoyo. Simu yako ikidondoka kwenye bodaboda leo jioni, kesho asubuhi utauza nini? Picha za mzigo ziko kwenye simu. Majina ya wateja yako kwenye WhatsApp ya simu hiyohiyo. Nani kalipa nusu, nani anasubiri kubadilishiwa saizi, nani ana oda ya sare za harusi ya Jumamosi, vyote vimo humo. Laini utairudisha kwa alama ya kidole. Daftari la biashara halirudi na laini.

Leo tunalitibu tatizo hilo, na tunaenda hatua moja mbele. Ukilitibu kwa mpangilio, unakuwa umejifunza kazi ambayo watu wanalipwa: kazi ya wingu, au klaudi kama vijana wanavyosema. Na unabaki na kitu cha kumwonyesha mtu, siyo maneno matupu.

WINGU NI NINI KWA LUGHA YA DUKANI

Wingu ni kompyuta za kampuni nyingine, ziko kwenye jengo lenye umeme wa uhakika, ubaridi na walinzi, nawe unazikodi kwa muda au kwa nafasi unayotumia. Ni sawa na kupanga fremu badala ya kununua kiwanja na kujenga. Unalipia unachotumia, ukimaliza unarudisha ufunguo.

Amazon walianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi mafaili mwezi Machi 2006, huduma inayoitwa S3. Mwaka huohuo wakaja na EC2, ya kukodisha seva nzima. Wengi hawajui kwamba EC2 ilijengwa na timu iliyokuwa Cape Town, Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu akikwambia haya mambo ni ya Wazungu tu, mwambie yamepikwa hapahapa barani.

Sasa injinia wa wingu anafanya nini? Anachagua fremu ipi ikodiwe na iwe wapi. Anaamua nani apewe ufunguo. Anajiandaa kwa siku ambayo jengo litaungua. Na anahakikisha bili haimshtui mwenye duka. Tazama vizuri, maswali hayo manne unayo wewe pia, ila kwa udogo.

KWA NINI KAZI, SIYO VIDEO PEKE YAKE

Unaweza kuangalia video miezi sita, bando likaisha, na ukiulizwa "umewahi kujenga nini?" ukakosa jibu. Mwaka 2020 Mmarekani mmoja, Forrest Brazeal, alianzisha zoezi linaloitwa Cloud Resume Challenge. Lina hatua 16. Unaweka wasifu wako mtandaoni kama ukurasa, unaufungia kufuli la https, unaweka kihesabu cha wageni kinachotunza namba kwenye hifadhidata, unapanga mabadiliko yajipandishe yenyewe, na mwisho unaandika ulichojifunza. Mtihani wa cheti umo, lakini ni hatua moja tu kati ya hizo 16.

Sisi tutachukua wazo hilo na kubadilisha bidhaa. Badala ya wasifu, tunaweka duka. Faida yake ni kwamba duka lina wateja wa kweli. Kitu kikiharibika utajua siku hiyohiyo, na kikifanya kazi utakiona kwenye mauzo.

KABLA YA YOTE: KUFULI TATU

Kufuli la kwanza ni uthibitisho wa hatua mbili. Uwashe kwenye baruapepe, Instagram, WhatsApp na kila akaunti ya wingu utakayofungua. Zile namba za dharura wanazokupa, ziandike kwenye karatasi na uziweke nyumbani, mbali na simu. Ukiziweka kwenye simu, simu ikipotea umepoteza vyote viwili.

Kufuli la pili ni bajeti. Akaunti za Amazon, Google na Microsoft zina sehemu ya kuweka bajeti na kutumiwa ujumbe ukiifikia. Weka dola 1 na dola 5. Lakini tuelewane: ujumbe huo ni kengele tu, haukati matumizi wenyewe. Kwa mfano, tangu Februari 2024 Amazon wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya hadharani. Inaonekana ndogo, ila kwa mwezi wa siku 30 ni dola 3.60, hata kama hakuna mteja hata mmoja aliyeingia. Ukimaliza mazoezi, futa ulichowasha.

Kufuli la tatu ni funguo za siri. Ukianza kuhifadhi kazi zako GitHub, usiweke humo funguo za akaunti ya wingu. Kuna programu zinazozunguka usiku na mchana zikitafuta funguo zilizosahauliwa hadharani. Mwizi anawasha seva kwa jina lako, bili inakuja kwako.

Huna kadi ya benki? Usiogope, kazi zote nne hapa chini unaweza kuzianza bila kadi. Huna laptopu nzuri? Google Cloud Shell inakupa kompyuta ndogo ndani ya kivinjari, na gigabaiti 5 za kuweka kazi zako. Laptopu ya zamani ya kuazima inatosha, maana hesabu nzito zinafanyikia huko.

KAZI YA KWANZA: NAKALA ZA AKIBA

Hapa unajifunza uhifadhi. Kanuni inaitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja iwe mahali pengine kabisa. Kwa duka lako, nakala ya kwanza iko kwenye simu, ya pili kwenye flashi au laptopu, ya tatu kwenye wingu.

Anza na Google Drive, gigabaiti 15 ni za bure. Angalizo: bakapu ya WhatsApp ya Android, picha za Google na baruapepe vinakula nafasi hiyohiyo. Tengeneza mafolda matatu: PICHA ZA MZIGO, ODA, RISITI. Ndani yake panga kwa mwezi.

Siku ukipata kadi, rudia zoezi kwenye S3. Huko folda kuu inaitwa ndoo. Kwa bei ya kawaida ya Virginia, Marekani, gigabaiti moja ni dola 0.023 kwa mwezi. Picha za gigabaiti 10 ni dola 0.23. Kisha fanya mambo mawili ambayo ndiyo somo lenyewe: hakikisha ndoo imefungwa kwa watu wa nje, na washa utunzaji wa matoleo, ili ukifuta picha kwa bahati mbaya toleo la zamani libaki.

Kwa nini nakala moja iwe mbali? Machi 10, 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud kilichoko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo moja liliteketea kabisa. Waliokuwa na nakala sehemu nyingine waliendelea na biashara. Kuna ambao nakala zao zilikuwa palepale zilipokuwa seva zao, na hao walipoteza vyote. Wingu ni jengo, na jengo linaungua kama lile la Kariakoo.

Kazi haijaisha mpaka ujaribu kurudisha. Chukua simu nyingine, ingia, tafuta picha ya gauni la mwezi uliopita. Umeipata ndani ya dakika tano? Andika muda huo, utauhitaji baadaye.

KAZI YA PILI: KATALOGI YENYE LINKI MOJA

Hapa unajifunza kuweka tovuti. Ukurasa mmoja tu: picha, jina la bidhaa, bei, saizi zilizopo, na kitufe cha kuagiza WhatsApp. Kitufe hicho ni linki ya wa.me ikifuatwa na namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Mteja akibonyeza anafunguka moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe.

Wengi mtandaoni watakushauri uiweke GitHub Pages kwa sababu ni bure. Soma masharti kwanza: GitHub hawaruhusu huduma hiyo itumike kuendesha duka. Kwa hiyo GitHub Pages iache kwa ukurasa wako wa kuonyesha kazi, na duka liweke Cloudflare Pages, ambayo nayo ina kiwango cha bure. Kusoma masharti ni sehemu ya uinjinia. Siku umejenga kwa mteja halafu kikafungwa, hasara ni yako na yake.

Sasa hesabu ya bando. Picha ya simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti 4. Ukiweka bidhaa 30, mteja wako wa Mbagala anakula megabaiti 120 kuangalia duka moja. Atafunga kabla hajafika katikati. Ukizipunguza hadi kilobaiti 150 kila moja, jumla ni megabaiti 4.5 tu. Fanya kabla na baada, pima muda wa kufunguka kwa simu ya kawaida, uandike.

KAZI YA TATU: GAUNI MOJA, WATEJA WAWILI

Hili kila muuzaji analijua. Umepandisha gauni moja lililobaki, saizi 14. Mteja wa Bunju anatuma pesa lipa namba saa 3:02 usiku. Wa Temeke anatuma saa 3:03. Wote wana risiti, gauni ni moja. Unarudisha pesa, unaomba samahani, na mmoja hatarudi tena.

Hapa unajifunza hifadhidata. Fungua Firebase, tumia Firestore, kiwango cha bure kinatosha duka dogo. Tengeneza orodha mbili: BIDHAA, yenye idadi iliyobaki, na ODA. Kisha andika kanuni hii: oda ikija, soma idadi; kama ni zaidi ya sifuri, punguza moja na upokee oda; kama ni sifuri, kataa. Mambo yote hayo yafanyike kwa mkupuo mmoja, asiingie mtu katikati. Kwa wataalamu mkupuo huo unaitwa transaksheni. Mteja anapata jibu kabla hajatuma pesa, na hilo ndilo lengo.

Lijaribu kweli. Weka bidhaa yenye idadi 1, chukua simu mbili, bonyezeni pamoja na mwenzako. Mmoja apokelewe, mwingine aambiwe imeisha. Rudia mara kumi. Ukifaulu mara zote kumi, una jambo la kumsimulia mwajiri yeyote.

Mambo matatu ya kuchunga hapa. Moja, Firestore itakuuliza taarifa zikae wapi, na ukishachagua hubadilishi. Google wana vituo Johannesburg tangu 2024, Microsoft walifungua Afrika Kusini 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020. Hizo ziko karibu nasi kuliko Ulaya au Marekani. Mbili, usiache hifadhidata kwenye hali ya majaribio, maana hapo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuiandika. Weka sheria za nani anaruhusiwa.

Tatu, sheria ya nchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Majina, namba na anwani za wateja ni taarifa binafsi. Chukua unachohitaji tu kufikisha mzigo. Namba ya NIDA ya mteja wa gauni unaitaka ya nini? Sheria hiyo ina masharti pia kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na Johannesburg ni nje ya nchi. Soma maelekezo ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla hujaanza kukusanya majina ya watu. Kwa mazoezi, tumia majina ya kubuni.

KAZI YA NNE: SIKU YA KUHARIBU

Kazi hii wengi wanairuka, na ndiyo inayotenganisha fundi na mtazamaji. Chagua Jumapili moja. Jifanye duka limepotea lote. Futa katalogi ya majaribio, futa hifadhidata ya majaribio, kisha ujenge upya kwa kutumia maelezo uliyojiandikia tu. Pima muda. Mara ya kwanza unaweza kuchukua siku nzima. Kila sehemu utakayokwama, ongeza maelezo. Mara ya tatu lenga saa moja.

Halafu zima data kabisa, uza kwa saa mbili bila intaneti. Hili si la kufikirika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasumbua Tanzania na majirani zetu. Fundi mzuri anajua wingu linaweza lisifikike. Kwa hiyo kila jioni pakua oda za kesho, ziweke kwenye simu au ziandike kwenye daftari. Dereva wa bodaboda anayetoka Madale kwenda Tegeta hahitaji intaneti, anahitaji jina, namba na mahali.

SASA IONYESHE

Fungua ukurasa wako wa kazi, huu sasa unaweza kukaa GitHub Pages. Kwa kila kazi andika mambo matano, kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi:

1. Tatizo lilikuwa nini. Mfano: "Wateja wawili walikuwa wanalipia bidhaa moja."
2. Mchoro. Chora kwa peni, piga picha, inatosha. Mteja yuko wapi, ukurasa uko wapi, taarifa zinakaa wapi.
3. Gharama kwa mwezi, kwa shilingi. Hata kama ni sifuri, iandike na useme itaanza kupanda lini.
4. Kilichoharibika na ulivyokirekebisha. Hii ndiyo sehemu wenye uzoefu wanaisoma kwanza.
5. Linki inayofunguka. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujaituma.

Usiweke majina wala namba za wateja wa kweli kwenye picha za skrini. Mtu anayeona umeanika wateja wako hatakupa wa kwake.

Vipi kuhusu cheti? Mtihani wa mwanzo wa Amazon, Cloud Practitioner, ni dola 100. Kwa wengi wetu huo ni mtaji wa mzigo. Fanya kazi nne kwanza, soma bure kwenye AWS Skill Builder au Microsoft Learn, halafu ulipie mtihani ukiwa unajua unachojibu.

NA PESA IKO WAPI?

Tusidanganyane, wiki nane haziwezi kukupa ajira ya kampuni kubwa. Zinaweza kukupa mteja wa kwanza mtaani. Angalia hapo ulipo. Kuna saluni, duka la dawa, hadiwea, fundi nguo, shule ya awali. Wengi wana tatizo lilelile la kumbukumbu kukaa kwenye simu moja. Usiende na neno wingu. Nenda na simu yako, mwonyeshe katalogi inavyofunguka, mwonyeshe ulivyorudisha picha ndani ya dakika tano. Mwambie bei ya kutengeneza na bei ya kuangalia kila mwezi, viwe vitu viwili tofauti.

Sharti moja la heshima: akaunti iwe kwa jina na baruapepe ya mteja, wewe upewe ruhusa ya kufanya kazi tu. Siku mkiachana, abaki na duka lake. Fundi anayeshikilia funguo za mwenye nyumba hapati kazi ya pili kwenye mtaa huo.

RATIBA

Wiki ya 1: kufuli tatu na kazi ya kwanza.
Wiki ya 2 na 3: katalogi.
Wiki ya 4 hadi 6: oda na idadi ya bidhaa. Hapa utakwama, ndiyo maana ni wiki tatu.
Wiki ya 7: siku ya kuharibu.
Wiki ya 8: ukurasa wa kazi, na mteja wa kwanza wa jirani.

Saa moja kila usiku baada ya kufunga hesabu inatosha. Ukipitwa na siku mbili, endelea ulipoishia, usianze upya.

ZOEZI LA LEO

Kabla hujalala, fungua yale mafolda matatu na upandishe picha kumi tu za mzigo. Kisha ziite kwa simu ya mtu mwingine hapo nyumbani na upime muda. Tuandikie kwenye komenti: dakika ngapi? Aliyekwama aseme amekwama wapi, wenzake wamsaidie. Mtag na yule mwenzako ambaye daftari lake lote liko kwenye chati.

Somo lijalo tutakaa na kazi ya pili, tuandike ukurasa wa katalogi mstari kwa mstari. Biashara njema.